Blauzi Yenye Shingo ya Binti wa Kaka Yangu

Wewe unayenisikiliza, nivumilie. Mimi nikianza kueleza kitu huanzia mbali, na siku hizi nimechoka, kwa hiyo naanzia mbali halafu naenda polepole. Lakini kama wewe ni fundi, au ndiyo kwanza unajifunza ufundi, hutajuta. Hili nitakalokueleza mimi nililijua nikiwa nimeshachelewa.

Ninashona Lusahunga, kwenye kibanda kinachotazama barabara ya Rusumo. Lori zito likipita meza inatetemeka, nami husimamisha mguu kwenye cherehani mpaka lipite. Ninashona pamoja na binti wa kaka yangu. Alikuja kwangu alipomaliza shule kule Ntobeye, huu ni mwaka wa nne, na mkono wake umeshakuwa mwepesi kuliko wangu. Yeye hukaa mlangoni penye mwanga, mimi ndani.

Alipokuwa mdogo alivuta sufuria ya maharage iliyokuwa ikichemka jikoni kwa mama yake, ikammwagikia. Kovu lake linaanzia nyuma ya sikio la kushoto, linateremka shingoni, na karibu na bega linagawanyika mara mbili. Akitoka nje hujifunga kitambaa shingoni. Ndani ya kibanda, tukiwa wawili tu, alikuwa akikifungua kwa sababu ya joto la bati.

Sasa nikueleze jambo la kwetu. Shangazi, dada wa baba, sisi tunamwita masenge. Masenge ndiye anayemfundisha binti wa kaka yake habari za mwili, ndiye anayemwogesha na kumkagua kabla hajaolewa. Hakuna sehemu ya mwili wa binti ambayo masenge huambiwa asitazame. Nakwambia haya ili uone kosa langu lilitoka wapi. Sikuchukua kama mwizi. Nilichukua kama mtu anayechota chumvi jikoni kwake.

Siku moja alikuja msichana mwenye saluni kule Biharamulo mjini. Binti alikuwa ameenda kununua uzi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu."

"Hii unaiweza?" Akanipa simu yake.

Ilikuwa picha ya blauzi ya rangi ya ngozi, shingo imepanda juu, na kwenye shingo kuna mistari iliyotuna, kama kidonda kilichopona vibaya. Nikamuuliza kama imeungua na pasi.

Akacheka. "Ni makovu, mama. Ndiyo mtindo unaokuja."

"Na nani anataka kovu?"

"Ndiyo maana yake hiyo. Watu wamezidi kujificha. Ukivaa hivi unawaambia hata mwili wenye kovu ni mwili, upendwe." Akanitazama usoni. "Mbona hata wewe una chale kwenye paji, na zimekupendeza?"

Nikamwambia chale zangu sikuziomba. Nilikuwa mtoto, nimeshikwa na degedege, bibi akanichanja kwa wembe na kunipaka dawa.

"Basi bibi alituwahi kwenye mitindo," akasema.

Nilicheka, nakiri. Hakuwa msichana mbaya. Aliamini alichokisema, na hata leo siwezi kusema alikosea chote. Nikapokea kazi.

Shida yangu ni kwamba sijui kushona kwa picha. Ukitaka gauni, niletee gauni jingine nilitazame, nilipindue, nione mshono umepita wapi. Ile picha ilikuwa ndogo na yenye giza. Na hatua mbili mbele yangu alikaa mtu mwenye kovu la kweli, ameinamia vifungo, kitambaa chake kiko kwenye msumari. Nikatazama. Siku tatu nilitazama. Nilipitisha kamba nyembamba chini ya kitambaa cha blauzi na kuishonea; pale kwake palipopinda nami nikapinda, palipogawanyika nami nikagawanya. Hakunishtukia, maana blauzi ikiwa vipande haifanani na kitu chochote, na tangu azaliwe amezoea macho yangu.

Siku ya tatu niliiunga na kumpa aipige pasi.

Alipiga mikono, akapiga mgongo. Alipofika shingoni akaiweka pasi kando. Akaingiza mkono wake ndani ya blauzi, akaisogeza kwenye mwanga.

"Masenge, hii ni yangu."

"Ni ya yule mteja wa Biharamulo."

"Blauzi ni ya mteja. Hii hapa," akapitisha kidole kwenye mshono, "ni yangu. Mpaka panapogawanyika."

Mimi, kwa tabia yangu, nikaanza kueleza. Nikamwambia ni mtindo, ni wa kuwafundisha watu wapende miili, ni wa kuwasifu wenye makovu. Nilieleza vizuri sana. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yeye ana kovu?"

"Hana."

"Basi jioni ataivua." Kisha akasema, "Na wewe ulikuwa unanitazama kwa ajili hiyo."

Alichukua kitambaa chake msumarini akajifunga, humo humo ndani, na bati linawaka. Kesho yake alikuja amejifunga. Keshokutwa vilevile. Alinisalimia, alinipikia, alishona kazi zake, jasho likimshuka hadi kwenye kola. Jioni ya siku ya pili aliniambia kwamba huenda mwisho wa mwezi akarudi Ntobeye, mama yake anahitaji mtu wa kupalilia. Mama yake ana wasichana wengine watatu nyumbani. Nililala nikijua kwamba anayeondoka si msaidizi wa kazi tu.

Mteja alikuja Jumamosi asubuhi. Nikamwambia bado, kuna makosa.

"Makosa gani? Mbona naiona imekamilika." Akaiweka shingoni, akajitazama kwenye kioo. "Fundi, hii ni nzuri kuliko ya kwenye picha. Hii inaonekana ya kweli."

Binti akasema kutoka mlangoni, bila kugeuka, "Dada, wakikuuliza hilo kovu ni la nini, utawaambiaje?"

"Nitawaambia ni mtindo."

"Mimi huwaambia maharage."

Yule msichana akacheka, akidhani ni utani, halafu hakuna aliyemfuata kucheka. Akatazama kile kitambaa shingoni mwa binti, akatazama blauzi mkononi mwake. Akaishusha taratibu.

"Samahani dada. Mimi sikujua."

"Wewe hujanikosea."

Alisema hivyo tu, na mimi niliyekaa ndani nikajua limetua kwa nani. Nikamwambia binti, nisamehe mwanangu, nilipaswa kukuuliza. Safari hii sikuongeza maelezo.

"Basi tuache," mteja akasema. "Nishonee ya kawaida."

Binti akafikiri. "Ukitaka, vaa. Labda iko siku itamsaidia mtu, sijui. Mimi hainisaidii. Lakini isiwe hii." Akaokota chaki, akaja hadi mezani, akaitandaza blauzi na kuchora mstari mwingine upande wa kulia, mfupi, usiofika sikioni, usiogawanyika. "Masenge, pitisha hapa. Ile fumua yote."

Nilifumua kutwa nzima. Mishono ile nilikuwa nimeikaza kwa ustadi, kila uzi ulinikatalia, na macho yangu si ya zamani. Mteja alisubiri kwenye benchi, akatununulia maandazi, akamsaidia binti kutia vifungo. Jioni nikapitisha kamba kwenye mstari wa chaki, naye akachukua blauzi yake akapanda gari.

Baadaye mtindo ule ulituletea wateja wengine wachache. Mmoja alikuwa mama mtu mzima aliyefanyiwa upasuaji wakati wa kujifungua. Alitaka mstari wa uzi mwekundu tumboni, juu ya gauni, mahali hasa ulipo wa kwake, na alinionyesha mwenyewe. Aliondoka akitabasamu. Kwa hiyo ukiniuliza kama mitindo hii inatukana au inaponya, nitakwambia nimeona yote mawili, kwenye meza moja.

Binti hakuondoka mwisho wa mwezi ule. Kitambaa bado anakifunga, hata tukiwa wawili. Sijamwambia akifungue, na nikihitaji kumpima shingo ya nguo, namuuliza kwanza.

Basi wewe, ukiletewa kazi ya namna hii, usichukue mfano kwenye mwili wa mtu wa nyumbani kwako bila yeye kujua. Mwombe kwa maneno, kabla hujakata kitambaa. Akikataa, chukua chaki uchore wa kubuni.