Mbeta Chini ya Mzabibu

Juzi, nje kidogo ya Iringa, niliona mizabibu iliyotoka kupogolewa, matone yakidondoka kwenye ncha zilizokatwa. Ghafla nikanusa tena ulanzi, ile pombe ya mwanzi, uliochachuka kwenye koti la Babu.

Babu alikuwa mgema ulanzi, na kijijini kwetu ndiye aliyepewa na Padri mizabibu ya kwanza, ili siku moja kanisa lipate divai yake. Mchana mmoja, nikiwa bado mtoto, aliipogoa kama alivyoelekezwa. Ikaanza kuvuja, to, to, to, juu ya majani makavu. Mimi nilifurahi. Mwanzi ukikatwa hutoa ulanzi. Basi mzabibu nao ulikuwa ukitoa divai! Nikakimbia kuleta mbeta, chombo cha mwanzi cha kukingia ulanzi, nikaitundika.

Babu alikinga kiganja, akaonja. "Maji," alisema, akakaa chini palepale. "Nimeiua mizabibu ya Padri."

Tukamsubiri Padri, aliyeahidi kupita jioni. Mbeta ilikuwa ikijaa taratibu. Alipofika, alizigusa zile ncha mbichi, akacheka.

"Haijafa, Mzee. Mizizi imeamka, inapandisha maji. Ngojea machipukizi."

Babu alishusha pumzi ndefu, akaichukua mbeta, akainywa yote. Kisha tukarudi nyumbani, kofia yake upande, akiimba kwa sauti na kucheka peke yake njia nzima.

Leo najua yalikuwa maji matupu. Siku ile nilitangulia mbio kumwambia Bibi: "Babu amelewa divai ya misa, na Padri amemwona!"