Siku Nyuki Walipoifuata Kompyuta Yangu Ulyankulu

Wapo watu wa Ulyankulu ambao hata nikikutana nao stendi ya Tabora wananiita Mrina Kompyuta, na kwa kuwa siwezi kuwazuia, bora niwasimulieni mwenyewe kabla hamjalisikia hili kwa mtu mwingine akaongeza chumvi, ingawa kusema kweli chumvi haihitajiki.

Kompyuta yenyewe ni ile nyeusi, nzito, ya kiofisi, niliyoinunua mtumba nikiwa Kigoma. Mimi shule niliiachia kidato cha pili na tangu hapo sijakaa mji mmoja nikauzoea (Nzega, Urambo, Kigoma, kisha Tabora tena, ile njia ya wapagazi wa zamani nadhani nimeipita mara nyingi kuliko wapagazi wenyewe), lakini kompyuta hiyo tumedumu, kwa sababu chini ina skrubu za kawaida tu, unazifungua na kila kitu unakiona, na mimi kitu kilichofungwa hakinipi usingizi. Nimeiongezea ramu, nimeibadilishia kibodi, na feni yake naipuliza vumbi kila ninapohamia mji mpya.

Ndani yake kulikuwa na video ya Mzee Nikodemu. Nilipanga chumba kwake Ulyankulu wakati nilipokuwa napiga picha za harusi, na siku moja nikamrekodi ameketi kwenye benchi akisimulia walivyofika kutoka Burundi, msitu ulivyokuwa, na alivyompata mke wake. Nyuma yangu alikuwa amesimama binti yake, Modesta, ameegemea nguzo, na nadhani nilirekodi muda mrefu vile ili asiondoke. Kisha nikaondoka mimi. Nilimwambia nitarudi baada ya mavuno, mavuno yakapita, yakaja mengine, na mzee akafariki nikiwa mbali.

Mwaka huu Modesta akanipigia simu. "Kulwa, tunafanya misa ya kumbukumbu ya baba. Ile video bado unayo? Sauti yake nimeanza kuisahau."

"Ninayo."

"Basi nitumie."

Nikamwambia ni kubwa mno, haipiti kwenye simu, nitaileta mwenyewe. (Ilikuwa inapita. Nilitaka sababu ya kufika.)

Sasa, diski ya kompyuta ilikuwa imeanza kukwaruza, nikaogopa isije ikafa na mzee ndani yake, kwa hiyo nikanunua diski mpya, zile zisizozunguka, nikahamisha kila kitu, ikawaka vizuri kabisa. Shida ni kwamba ya zamani ilikuwa nene na hii nyembamba, ikawa inacheza kwenye nafasi yake kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake. Fundi aliyeniuzia akasema kuna kipande cha plastiki cha kujazia, kimemwishia, nipite Jumatatu. Misa ilikuwa Jumamosi. Nikarudi nyumbani, nikamkuta mama mwenye nyumba, Mama Kashindye, uani anakamua masega, na huku kwetu nta inaziba ndoo iliyotoboka, inaziba ngoma iliyopasuka, nikaona haiwezi kushindwa na diski.

"Mama, naomba nta kidogo."

"Ya ndoo?"

"Ya kompyuta."

"Haya. Mimi sijauliza."

Alitaka aichemshe kwanza aichuje, asali iliyobaki itoke, nikamwambia hapana, hiyo hiyo inanitosha. Nikaifinyanga, nikajazia, diski ikatulia tuli, nikajisifu peke yangu.

Basi Jumamosi tukawa uani kwa kina Modesta, chini ya turubai, jua la Oktoba linawaka. Baba mdogo wake, Anselmi, ndiye aliyeshika kipaza sauti. Alipoona nimeunganisha kompyuta na runinga akaniuliza kama inaweza kupiga nyimbo za kwaya watu wakitoka kanisani. Inaweza. Ikapiga tangu asubuhi hadi wali unapakuliwa, jua likiisogelea taratibu, na mimi sina habari, macho yangu yako kwa Modesta anayepita na masinia. Alikuwa amenisalimia mara moja tu: "Umefika." Hakuongeza karibu.

Nyuki wa kwanza alitua kwenye kibodi, nikampuliza. Wakaja wawili. Mzee mmoja akasema hao wanatafuta maji, kiangazi hiki. Anselmi akatangaza kwamba sasa tutamsikia marehemu mwenyewe, watu wakanyamaza, na Mzee Nikodemu akatokea na kofia yake, akacheka kidogo kama alivyocheka siku zote kabla ya kusema, na mjane wake akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Siku nilipomwona mama yenu," mzee akasema, "nilikuwa nimebeba..."

Kioo kikawa cheusi. Yakaja maandishi meupe kwamba diski haionekani.

Hapo ningeizima, tukala wali. Badala yake nikaigeuza chali mbele ya watu wote, nikatoa bisibisi, nikafungua kifuniko. Nta ilikuwa imeyeyuka yote, diski imeteleza, na harufu ya asali ikapanda kama mtu kafungua mzinga, na wale nyuki waliokuwa wanapeleleza wakaleta ukoo mzima. Watu wa kule wanawajua nyuki: akina mama walijifunika vitenge, wazee wakatulia kama wako kwenye mahubiri. Aliyekimbia akipunga mikono, akakanyaga sinia la wali na kuanguka nalo, ni mimi. Na kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi.

"Ndugu zangu," Anselmi akasema bila haraka, "mkae vivyo hivyo. Kijana amekuja kurina asali."

Ikabidi wachome kinyesi cha ng'ombe kikavu, moshi ukatanda, na kumbukumbu ya mzee ikaishia watu wakikohoa na kucheka.

Nilijificha jikoni. Modesta akanifuata, kope moja imevimba.

"Alikuwa amebeba nini?"

"Nani?"

"Baba. Siku alipomwona mama."

Ningeweza kumwambia, video ile naijua kwa moyo. Nikasema ngoja. Nikakwangua nta kwa kijiko, nikakunja kadibodi ya boksi la sabuni, nikajazia, ikawaka. Akamwita mama yake, wakakaa mkekani, mimi nikabaki mlangoni. Mzee akasema alikuwa amebeba kuku, akamponyoka.

"Mwongo huyo," mama akaiambia kompyuta, machozi yanamtoka. "Alikuwa bata."

Walipomaliza kuitazama mara ya pili Modesta akaninyooshea simu yake. "Nikopie." Nikachomeka waya. Diski ile mpya ilinikomesha, maana kabla sijapata sentensi ya kuanzia mazungumzo, kazi ilikuwa imekwisha.

"Tayari?"

"Tayari."

"Na ulisema ni kubwa." Akanitazama kwa jicho lile lililobaki wazi, muda mrefu, nami nikakazana kufunga skrubu. "Haya, Kulwa. Safari njema."

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: kipande cha plastiki kisubirini hadi Jumatatu. Na mimi nimeapa kwamba siku nikirudi Ulyankulu nitakwenda bila begi la kompyuta, nibishe hodi, niseme nimemfuata yeye.

Bado sijakwenda.