Cécile Aomba Kukatiwa Simu Iliyokwisha Kukatika

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Hawakusema kwamba hakimbiwi. Cécile, jirani yangu wa Nyamirambo, Kigali, alikuwa akikimbiwa na watu wazima, wengine wana ndevu zao.

Kisa ni simu. Marehemu mumewe, Kubwimana, alikuwa na lori la mizigo, na mwenye lori lazima apatikane, kwa hiyo alisaini kontra, mkataba na ofisi ya simu, mtaa wetu ukapata simu moja, nyeusi, nzito, iliyokaa sebuleni juu ya kitambaa alichokifuma Cécile mwenyewe. Kubwimana alipofariki, simu ikabaki. Namba yake ikasambaa kwa ndugu zetu wote, Butare, Bukavu, Bujumbura. Lakini simu ya mbali ilikuwa ghali, na hakuna mtu anayepiga simu ya mbali kusema mbuzi amezaa mapacha. Habari njema zilikuja kwa barua, polepole. Vifo vilikuja kwa Cécile.

Naye hakuvitupa tu mlangoni na kuondoka. Habari ya mumewe aliipata kwenye simu hiyo hiyo, asubuhi, hajatia kitu tumboni. Aliyepiga alisema sentensi moja akakata. Cécile alikaa sakafuni mpaka maharage yakaungua jikoni, akaapa kwamba hakuna mtu wa mtaa wetu atakayeambiwa namna ile. Basi ikija habari mbaya, anajifunga kitenge kizuri, anabeba bakuli la uji wa mtama, anapiga hodi, na neno lake la kwanza ni, “Umekula?” Ukishamaliza uji ndipo anakushika mkono. Ulikuwa wema mtupu. Lakini ikafika mahali Cécile akimuuliza mtu kama amekula, mtu huyo anaanza kulia hapo hapo, na bakuli halijafunuliwa.

Mwaka wa tisini na mbili, Libère, seremala wa mtaani kwetu, alijiandaa kupokea wageni wa posa ya binti yake Générose. Cécile ndiye mama wa ubatizo wa Générose. Alimbeba kanisani akiwa kichanga, na siku ya posa yeye ndiye aliyestahili kumshika mkono na kumtoa ndani, wazee wakishakubaliana. Libère alikuja kwake akizungusha kofia mikononi.

“Dada Cécile, usikasirike. Siku ile utatuombea ukiwa hapa kwako. Unajua mama yangu vile iko. Akikuona kwa mlango ataanguka, na wakwe watasema hii familia iko na kifafa.”

Cécile alimwambia sawa. Kisha akatoa mashuka masafi kabatini akaanza kuyafua upya. Mimi nilikuwepo, na iliniuma, sembuse yeye.

Wiki hiyo masika yalimwaga mvua mpaka kilima kikateleza. Mungu alitusaidia, hakuumia mtu. Kilichokwenda ni banda la kuku la padri, kipande cha barabara na nguzo ya simu, iliyoteremka bondeni ikiburuta waya nyuma yake. Wengine walililia barabara. Cécile aliinua kile kisikilizio, akakuta kimya, akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Tukaenda mbio kwa mama yake Libère kumpa habari kwamba simu haipo tena, maafa yameichukua.

Bibi alikuwa amekwisha kujifunika blanketi.

“Zamani tulikuwa tunasikia kengele kwanza,” alisema humo ndani. “Isipolia, tunalala. Sasa hakuna kengele, na huyu bado iko anatembea. Hizo habari anazipata wapi?”

Kusema kweli, hoja ya bibi ilikuwa imesimama vizuri kuliko nguzo. Siku mbili tatu baadaye mambo yakawa mabaya zaidi: watu waliokuwa wakimkimbia Cécile kengele ikilia tu, sasa walimkimbia muda wote. Ikabaki njia moja, kuivunja kontra yenyewe na kuirudisha ile mashine huku mtaa mzima unatazama.

Tulikwenda ofisi ya simu mjini. Karani aliitwa Révérien, kijana wa tai na kalamu ya mfukoni, na foleni yake ilifika nje. Alimsikiliza Cécile mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa kwa huruma ya ofisini.

“Madamu, nitakata nini? Ile laini imekatika.”

“Ndiyo maana naomba ikatwe.”

“Imekatwa na mvua, si sisi. Kwanza mafundi watengeneze nguzo, laini iseme, ndiyo sisi tukate.”

“Yaani mtamfufua marehemu ili mpate kumzika?”

“Ndiyo utaratibu, Madamu.”

Mafundi walikuwa na nguzo za Kigali nzima za kusimamisha, na posa ilikuwa Jumamosi. Mimi nilikwisha kupandwa na hasira, nikamwambia yule kijana maneno ambayo siyarudii. Cécile hakugomba. Alimtazama tu. Jua lilikuwa la saa saba, shati la kijana limelowa, midomo imekauka. Na Cécile, masikini, kwa huruma ya kweli kabisa, akainama dirishani akamuuliza kwa sauti ile ile ya pole:

“Mwanangu, umekula?”

Révérien aliinua macho. Akatazama anwani kwenye kontra: Nyamirambo. Wakwe zake, tulikuja kujua, wanakaa mtaa wa juu yetu, na walikwisha kumsimulia swali lile. Kalamu ikamdondoka.

“Yezu wanje. Ni nani? Ni mama mkwe?”

“Hapana, baba, nauliza tu kama—”

“Usiseme! Usiseme, Madamu, nasinya!”

Alitia sahihi, akapiga mihuri kila penye nafasi. Alipomtaja jina, tulimwapia kwamba mama mkwe wake ni mzima, tumemwacha akipepeta mchele, lakini alipumua pale tu tulipokuwa nje ya mlango. Sina hakika kama aliamini.

Kuirudisha mashine, Cécile aliiweka kichwani bila kuifunika, waya unaning'inia mgongoni, na tulipita kwenye kila lango, hata yale yasiyo njiani. Watu walitoka. Wanawake wengine walipiga vigelegele. Libère alitukuta kwenye kona, akaivua kofia, akasema, “Jumamosi usichelewe.”

Jumamosi wazee walibishania ng'ombe wa mahari kwa raha zao mpaka wakachoka, kisha ikasemwa binti atolewe. Cécile akatokea mlangoni, amemshika Générose mkono, mbele ya wakwe na mtaa mzima. Nilimtazama bibi. Bibi alikaa wima kitini, macho makavu.

Aliyelia ni Cécile. Mwanamke aliyetuzikia ndugu zetu kwa miaka bila kutoa chozi mbele yetu, alisimama katikati ya ua akalia kwa sauti, mabega yakitikisika, hakumwachia binti mkono. Na katika ua ule uliojaa watu, hakuna hata mmoja aliyeuliza nani amekufa.