Bima ya Nafsi ya Tatu

Nilinunua pikipiki kwa sababu ya hasira, na hasira yenyewe haikuwa hata ya maana. Kwa miaka tisa nilikuwa nimebebwa na mamotari, yaani bodaboda wa Kigali, asubuhi kutoka kwangu Gatsata hadi shuleni Gitega, na mchana kutoka Gitega hadi Masoro, ambako nafundisha Kiswahili wafanyakazi wa kiwanda kinachouza bidhaa zake Tanzania. Miaka yote hiyo nilikuwa abiria mwenye maoni. Nilimwambia dereva apunguze mwendo, aache nafasi, aliangalie lile lori. Niliamini kwa dhati kwamba ninamsaidia.

Motari aliyenibeba mara nyingi zaidi alikuwa jirani yangu, mtu wa makamo, mpole, aliyekulia upande wa Kongo na kuja hapa na Kiswahili chake cha huko. Asubuhi moja, tukiwa tumekwama kwenye foleni ya Nyabugogo, aligeuka akaniambia kwa adabu kabisa: "Mwarimu, mimi niko naendesha na mikono, wewe uko unaendesha na mdomo. Siku moja ununue yako, tuone."

Nikamjibu kwamba nitanunua. Nilidhani ni utani. Kufika shuleni nikajikuta nimeshawaambia walimu wenzangu wawili, na mmoja wao alicheka kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Kicheko kile ndicho kilichoninunulisha pikipiki, hata zaidi ya maneno ya motari.

Perimi, yaani leseni ya udereva, niliipata kwa mtihani wa pili. Katika ule wa kwanza niliteremsha mguu nikiwa naizunguka namba nane iliyochorwa chini, na mtahini, afande kijana aliyekuwa rika la wanafunzi wangu wa zamani, akanieleza kwamba mguu ukishagusa ardhi mtihani umekwisha. Mimi ambaye kwa miaka ishirini nimekuwa nikiwakata watoto alama kwa herufi moja nilijaribu kumshawishi kwamba mguso wenyewe ulikuwa mdogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaandika kitu, akamwita anayefuata.

Dada yangu mkubwa, ambaye naishi naye, ni muuguzi katika wodi ya waliovunjika mifupa. Hakunipinga hata siku moja. Alichofanya ni kuanza kusimulia habari za kazini kwake wakati wa chakula, jambo ambalo hakuwa nalo zamani. Nilijifunza majina ya mifupa ya mguu kati ya ugali na mboga.

Baada ya perimi kulikuwa na suala la pikipiki ipi. Yule motari alinipeleka mwenyewe kwenye magereji ya Gatsata, kwa sababu, alisema, yeye ndiye aliyeleta maneno. Nilikuwa nimeshachagua moyoni. Mbele ya gereji moja ilisimama pikipiki nyekundu, ndefu, yenye kiti kilichoinuka nyuma kama mkia wa jogoo. Niliipenda kama mtu anavyopenda viatu visivyomtosha. Nilipoipanda, vidole vyangu vya miguu vilifika chini, visigino havikufika.

"Ilaze," motari akasema.

Sikumwelewa. Akaishika, akailaza ubavu juu ya gunia, akarudi nyuma. "Inua. Kama haiinuki, haiko yako."

Mafundi wakaacha kazi zao. Niliushika usukani, nikavuta, nikasukuma kwa goti, nikageuka nikajaribu kwa mgongo. Pikipiki ilinyanyuka kidogo, ikafikiri, ikalala tena. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Fundi mmoja aliniletea kiti.

Tukaendelea na pikipiki nyingine. Muuzaji alituonyesha moja ya bluu, akasema ilikuwa ya padri. Iliyofuata nayo ilikuwa ya padri, aliyekuwa akiitumia Jumapili tu. Ya tatu ilikuwa ya padri mwingine, mzee, asiyependa mwendo. Motari akauliza kama katika jimbo hili bado kuna padri aliyebaki na usafiri. Muuzaji hakukasirika, aliongeza tu kwamba ya nne ilikuwa ya mkunga.

Nikainunua ya nne. Ilikuwa fupi, ya rangi ya maharage yaliyochemka, yenye kiti kilichobonyea katikati kwa kukaliwa na mtu mzito kuliko mimi. Nilikuwa nimefikiria pia zile za umeme, ambazo sasa zimejaa mjini, lakini dada alisema kwamba kitu kisicho na mlio kitamletea watu wodini kwake bila taarifa. Hii ilikuwa na mlio. Niliilaza, nikaiinua. Niliilaza tena bila kuombwa, nikaiinua mbele ya mafundi wale wale, na nadhani hakuna siku nyingine mwaka ule niliyojisikia vizuri kiasi hicho.

Bima niliiacha mwisho kwa sababu niliidhania kuwa jambo la dakika kumi. Ofisi niliyoelekezwa ilikuwa mjini, ghorofa ya pili, na dirishani alikaa binti mwenye kucha fupi na uso wa mtu asiye na haraka. Alikuwa amelelewa Kampala, Kiswahili chake kilikuwa cha kujitafutia, lakini aliposikia kazi yangu alikataa kutumia lugha nyingine yoyote. Alisema anataka kufanya mazoezi. Hivyo yote yaliyofuata tuliyafanya kwa Kiswahili, yeye akijenga sentensi tofali kwa tofali na mimi nikijizuia kumsahihisha.

Aliuliza kwanza pikipiki ni ya mume wangu au ya nani. Nikamwambia ni yangu. Akauliza itabeba abiria wa kulipa. Nikasema haitabeba. Alinitazama vizuri, akarudi kwenye fomu, akapekua kurasa kama anayetafuta mahali pa kuniweka. Wengi wanaokuja dirishani kwake ni mamotari. Hatimaye alipata kisanduku cha matumizi binafsi, akanipa fomu nijaze mwenyewe.

Kwenye miaka ya uzoefu niliandika tisa.

"Perimi yako iko ya mwezi uliopita," akasema.

Nikamweleza kwamba miaka tisa nimekuwa juu ya pikipiki kila siku ya kazi, mara tatu kwa siku, na kwamba njia zote za mji huu nazijua kwa mashimo yake. Akauliza nilikuwa nimekaa wapi. Nikasema nyuma. Akachukua kalamu, akakata ile tisa kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika sifuri, akaniomba nitie sahihi pembeni ya sifuri yangu.

Nikaomba bima kubwa, ile inayolipa kila kitu. Haikuwezekana: pikipiki ilikuwa nzee mno na mimi nilikuwa mpya mno. Nikamwambia kwamba dereva mpya anaogopa, na anayeogopa huenda polepole, kwa hiyo kampuni ingepaswa kunipenda. Alikubali kuwa ni kweli, kisha akanionyesha kwamba kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika woga. Ikabaki ile ya lazima. Nikamuuliza ile inamlinda nani hasa.

"Inalinda mtu wa tatu."

"Ni nani huyo?"

"Ni ule utagonga."

"Na mimi?"

"Wewe uko mtu wa kwanza."

"Na wa pili?"

Akajigusa kifuani kwa heshima. "Ni sisi. Kampuni."

Nimefundisha nafsi tatu tangu nilipoanza kazi. Ya kwanza ni anayesema, ya pili ni anayeambiwa, ya tatu ni anayesemwa. Sikuwahi kuiona sarufi ikifanya kazi kwa ukamilifu namna ile. Mimi nalipa, kampuni inapokea, na anayefaidika ni mtu ambaye hayupo, ambaye hatumjui, na ambaye ili afaidike ni lazima kwanza nimgonge. Nilimwambia binti hayo, naye akayaandika kwenye karatasi kama mfano mzuri wa sentensi.

Mwishowe aliniongezea karatasi ndogo ya pembeni, ambayo ingenilinda mimi na mtu mmoja nitakayembeba, ilimradi mtu huyo asinilipe. Hilo la kutolipa alilirudia mara mbili na kulipigia mstari. Palipotakiwa jina la wa kupewa haki zangu nikifa, niliandika la dada. Nilipomwambia jioni, aliacha kula. Akasema siku nyingine niandike jina la motari, maana yeye ndiye aliyeleta maneno.

Wiki mbili za kwanza niliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Magari yalinipita, baiskeli za mizigo zilinipita kwenye mteremko, na siku moja motari wangu mwenyewe alinipita akiwa na abiria, akanipungia mkono kwa huruma. Watu walinisimamisha mara kwa mara wakidhani niko kazini. Nilikuwa nimenunua koti lenye mistari inayong'aa, kwa ajili ya usalama, na lilinifanya nifanane na mamotari kwa kila kitu isipokuwa namba ya mgongoni.

Asubuhi moja ya wiki ya tatu nilisimama kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, chini ya mlima wetu wa Gatsata. Watu walivuka. Mmoja hakuvuka: bibi mmoja mwembamba, kajifunga kitenge, mkononi ana kofia ya pikipiki ya kwake mwenyewe. Alikuja moja kwa moja, akanishika bega, akapanda nyuma yangu, akafunga mkanda wa kofia, akasema kwa Kinyarwanda twende, mwanangu, kliniki ya macho, Gitega.

Nilimweleza kwamba mimi si motari. Nikamwambia anitazame mgongoni, sina namba. Akajibu kwamba kama angekuwa na uwezo wa kuona namba asingekuwa anakwenda kliniki ya macho.

Nyuma yetu honi zilianza. Gitega ndiko nilikokuwa nakwenda. Nikaondoa pikipiki.

Alinishika kiuno vizuri, hakusema neno lolote kuhusu mwendo wangu, wala lori, wala nafasi. Nilikuwa nimeanza kumpenda tulipofika Nyabugogo na afande wa barabarani akatupungia tusimame. Alikagua perimi, akakagua bima. Akasoma mpaka chini, akainua macho kwa bibi, akamuuliza kama ananilipa.

"Nitamlipa," bibi akasema. "Mimi si ombaomba."

Nilihisi ile karatasi ya pembeni ikikauka mikononi mwa afande. Nikaanza kueleza, na nadhani nilieleza vibaya, kwa sababu nilianzia kwenye miaka tisa. Bibi alikuwa haoni vizuri, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Akasikia sauti yangu, akaelewa kwamba amenitia matatani, akanipigapiga mgongoni.

"Huyu ni binti yangu," akamwambia afande.

Afande akaniuliza kama ni kweli. Nimewafukuza watoto darasani kwa uongo mdogo kuliko ule. Nikasema ndiyo.

Kisha akaniuliza, kwa uchungu uliotoka moyoni, kama kweli nina tabia ya kumtoza nauli mama yangu mzazi, mgonjwa wa macho. Bibi akasema kwamba watoto wa siku hizi ndivyo walivyo. Afande akakubaliana naye, na wote wawili wakazungumza kuhusu mimi kwa muda, mimi nikiwa nimekaa katikati yao nimeshika usukani. Hakuniandikia faini. Alinirudishia karatasi zangu na kunishauri nitubu.

Mlangoni mwa kliniki bibi alinishukuru na kufungua pochi. Nikaikunja mikono yake juu ya pochi na kuondoka mbio, kwa mwendo wangu.

Nilifika shuleni nimechelewa. Mwalimu mkuu, mtu wa maneno machache aliyenipokea shuleni pale nikiwa bado mgeni, alikuwa amesimama langoni kama kawaida yake. Akaniuliza kulikoni. Nikasema, bila kufikiri, kwamba nilikuwa nampeleka mama kliniki ya macho.

Miaka mitatu nyuma tulimzika mama yangu, na yeye alisimama kando ya kaburi pamoja nasi, mwavuli wake ukiwa juu ya dada yangu kwa sababu ilikuwa inanyesha. Nikasikia nilichokisema. Kisha nikamweleza yote, kivuko, kofia, afande, toba. Alisikiliza mpaka mwisho, uso haukubadilika, halafu akauliza swali moja tu.

"Na kurudi, atarudije?"

Sikuwa nimeliwazia. Wakimtia dawa machoni asingeona hata hicho kidogo anachokiona. Nikaingia darasani, nikafundisha vipindi viwili ambavyo sikumbuki vilihusu nini, na kengele ya mapumziko ilipolia nikakuta mwalimu mkuu ameshamtafuta mwenzangu wa kushika kipindi changu cha tatu. Ni yule aliyecheka muda mrefu.

Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi la nje ya kliniki, pamba juu ya jicho moja, jingine limefumbwa, na kofia tayari kichwani. Alisikia mlio wa pikipiki ukisimama mbele yake, akanyoosha mkono hewani mpaka akalipata bega langu.

"Umechelewa," akasema, akapanda.