Kozi ya Minyoo Kabla ya Saa Sita

Gaju alikuwa amependa yai. Nasema waziwazi, maana watu wa Kamembe walipomwona amerudi likizo akicheka peke yake njiani, walimkisia mchumba, na wengine wakafika hadi kumtaja jina huyo mvulana. Mvulana hakuwepo. Kulikuwa na yai dogo lisiloonekana kwa macho, lenye mwiba mmoja ubavuni, alilolikuta chini ya darubini siku ya mazoezi katika kituo kimoja cha afya upande wa Bugarama. Lilikuwa yai la kichocho, ugonjwa ambao wakulima wa mpunga wanauita bilarizi.

Lilitoka kwa mzee mmoja aliyeumwa tumbo miaka miwili. Muda wote huo alikunywa mizizi na majani, kwa sababu aliamini shemeji yake amemlisha karuho, ile sumu ya polepole ambayo pande zetu husingiziwa kila tumbo lililokataa kupona. Gaju alimwita aje aangalie mwenyewe. Mzee akainama juu ya darubini, kisha akaliambia lile yai, "Kumbe njo ulikuwa weye!" Wakacheka wote wawili mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna nini.

Tangu siku hiyo binti hakuwa na mjadala tena na nafsi yake. Alikuwa mwaka wa tatu wa sayansi za tiba, zile za maabara, na mwaka huo kila mwanafunzi huchagua kozi moja ya hiari inayoamua atafanya utafiti gani na ataangukia kazi ipi. Kozi zilikuwa nne, mbili tuziache zilale. Ya tatu ilikuwa Moyo na Mishipa ya Damu, ambayo wazazi wote waliipenda. Ya nne ilikuwa Vimelea na Minyoo, na wanafunzi waliiita kozi ya mavi, maana somo la kwanza kila mtu huja na kikopo chake kutoka nyumbani. Uchaguzi ulifanywa kwa simu, na ungefungwa Jumapili saa sita kamili mchana. Asiyechagua, chuo kinamchagulia.

Basi kizuizi kilikuwa wapi? Kilikuwa nyumbani, kinauza vitenge, kinaitwa Eugénie. Huyo ni mama yake, mzaliwa wa Bukavu aliyerudi Rwanda na sauti yake yote. Kanisani kwao mtu hushuhudia hata jambo ambalo halijatokea, kwa imani, na likishashuhudiwa linakuwa la kanisa zima. Jumapili iliyotangulia Eugénie alisimama akatangaza kwamba Mungu amemwita binti yake kutibu mioyo ya watu. Ngoma zikalia, akina mama wakacheza, na kanisa likafunga kuombea kozi ya moyo, mama shemasi Mukamazimpaka siku tatu nzima. Siku tatu bila hata chai!

Gaju alilisema Jumamosi, mama akiwa anakunja vitenge.

"Maman, mi nataka minyoo."

"Unataka nini?"

"Kozi ya minyoo, ya mu tumbo. Maman, ungeona ile yai! Iko na mwiba huku kwa mbavu, muzuri sana!"

"Yesu wangu! Kanisa nzima ilifunga juu ya moyo, weye unaniletea mavi?"

"Kila muntu iko na tumbo, Maman."

"Na kila muntu iko na moyo! Nitaambia bale bamama nini? Mukamazimpaka alikonda!"

Gaju alishikwa na kicheko, akashindwa kujizuia. Mama naye mdomo ulianza kumcheza, lakini akaukaza, akampa mgongo, akaendelea kukunja. Hilo ndilo lililomuuma binti. Angeweza kubonyeza kimyakimya, simu ilikuwa mkononi mwake. Lakini kila Jumapili angeulizwa moyo unaendeleaje, na mama angejibu kwa niaba yake, akidanganya bila kujua. Aliogopa, ndiyo, ila aliona wazi kwamba neno lililosemwa kanisani litarekebishwa kanisani.

Kanisa lao limekaa mlimani likitazamana na Bukavu ya Kongo, hivyo simu ikiingia ndani hunasa mtandao wa Kongo na kuwa bubu. Mtandao wa Rwanda unapatikana mahali pamoja tu, nyuma ya vyoo. Gaju alilijua hilo, na alijua pia kwamba ibada yao haina haraka na mtu. Mchungaji Ndikumana alipoita ushuhuda, ilikuwa saa tano na nusu. Gaju akasimama.

"Bwana asifiwe. Mi ni Gaju wa Maman Eugénie. Mulifunga juu yangu, Mungu abariki sana. Lakini mi sitaki moyo. Mi nataka kusoma minyoo."

Mpiga ngoma alipiga pigo moja kwa mshtuko. Eugénie akafunika uso kwa kitenge. Gaju akaanza kueleza, na alipofika kwenye yai woga ukamtoka wote. Alilichora hewani kwa vidole, mwiba na vyote, akasimulia konokono wa mashamba ya mpunga wanaoueneza ugonjwa, akasimulia habari za yule mzee na karuho yake.

"Miaka mbili hakukula kwa shemeji yake hata muhogo moja. Na ule mama hakumutendea kitu!"

Hapo akasimama Mukamazimpaka. Sasa, mama huyu analima mpunga Bugarama, na tumbo lake linamsumbua tangu zamani. Tena kanisa zima lilijua kwamba kwa miaka minne hajamsalimu wifi yake Joselyne, aliyekuwa amekaa dirishani, kwa sababu hiyohiyo ya karuho. Watu wakaacha hata kujipepea.

"Ile yai," akauliza, "banaipima wapi?"

"Kwa kituo cha afya, Maman. Unapeleka kikopo tu. Sijui kama njo ugonjwa yako, lakini tupime kwanza."

"Na dawa iko?"

"Iko. Unameza siku moja."

"Siku moja!" Mama wa watu akakaa, akasimama tena. "Na mi miaka mine nazungukaka mbali, nisipite ku duka yake!"

"Na mi," Joselyne akapaza sauti kule dirishani, "kila Noeli nakutumiaka sombe, unapatia imbwa!"

Jamani, kisamvu cha Noeli kupewa mbwa! Kanisa lilipasuka. Mchungaji alijaribu kusema amani, akashindwa, akashika mimbari acheke vizuri. Gaju hakucheka. Alikuwa akimtazama mama yake, maana ndiye peke yake aliyekuwa bado amejifunika kitenge.

Eugénie akajifunua taratibu, akainuka.

"Bandugu, Mungu alisikia muzuri. Ni miye nilisema mubaya." Akamgeukia binti yake. "Saa ngapi?"

"Inabakia dakika saba, Maman."

"Na unasimama hapa unaangalia nini? Kimbia!"

Akakimbia, na mama nyuma yake, na nusu ya kwaya nyuma ya mama, wote mpaka nyuma ya vyoo. Ukurasa ukafunguka nusu, ukaganda. Eugénie akauamuru kwa jina la Yesu. Ukafunguka. Gaju akabonyeza, na maneno yakatokea: Vimelea na Minyoo, umesajiliwa. Ilikuwa saa tano na dakika hamsini na nane. Kwaya ikashangilia mpaka nadhani ng'ambo walisikia, na Gaju akaruka na mama yake kama wasichana wawili wa shule, akiwa na furaha isiyo na mahali pa kukaa.

Mukamazimpaka hakuwafuata. Alikuwa mlangoni, amesimama mbele ya wifi yake, anakunja na kukunjua khanga.

"Joselyne, leo ulipika nini?"

"Sombe."

"Basi twende."

Wakateremka mlima pamoja. Eugénie aliwasindikiza kwa macho mpaka wakapotea kwenye kona, akajifuta uso. Kisha akamvuta binti yake kando, mbali na kwaya, akashusha sauti ambayo haijawahi kushuka, mkono mmoja tumboni.

"Gaju. Kile kikopo, kinakuwaka kikubwa namna gani?"