Harufu Ilikuwa Yangu

Kazi yangu inanuka. Nafanya utafiti wa polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo, katika maabara moja Dar es Salaam. Tunazikuza kwa kuzidhibiti ili zilingane urefu, na kinachozidhibiti ni kipande chenye salfa kinachobaki kimeng'ang'ania kwenye ncha ya kila mnyororo. Mnyororo ukishakua, kipande hicho hatukitaki tena. Mimi ndiye ninayekikata, ili kwenye ncha ile nibandike kitu cha maana, dawa kwa mfano. Kimiminika cha rangi ya waridi kinapauka mbele ya macho yako, na hapo ndipo uvundo unapotoka: kabichi iliyooza, kitunguu saumu, sijui na nini tena. Unaingia kwenye nguo na kwenye nywele. Lakini nyani haoni kundule, na pua yangu ilishakufa ganzi zamani.

Dada aliponipigia simu kwamba mama amezidiwa, nilitoka maabara nikaenda moja kwa moja stendi. Nilifika Bariadi na sweta lile lile la kazini. Mama alikuwa amelala chumba cha mbele, saratani imemmaliza mwili lakini akili yake nzima. Alikuwa anatetemeka. Nikavua sweta, nikamfunika kifuani.

Haikupita muda akamwita dada afunge mlango.

"Wageni wasiingie," alisema. "Nimeanza kunuka."

Dada akamwogesha. Jioni akamwogesha tena. Mama aligeukia ukutani, mwanamke ambaye hata shambani kwenye pamba hakwenda bila kujipaka mafuta. Dada alipoinama kumfunika ndipo aliponusa lile sweta, akaniangalia. Aibu iliyonishika siwezi kuieleza.

Nikapiga magoti. "Mayu, si wewe. Ni mimi. Ni dawa za kazini."

"Wabeja, ng'wana wane," akasema.

Alinishukuru! Alidhani namsitiri, kama mtoto mwenye adabu anavyomsitiri mama yake. Nikaapa. Nikatupa sweta nje, nikaoga, nikarudi kueleza upya, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kunihurumia. Nilikasirika, nusura nimfokee mgonjwa.

Kesho yake mchana alikuja rafiki yake kutoka Mwamapalala. Walichuma pamba pamoja tangu usichana, wakazaa, wakazika waume zao, na hakuna msiba wa mmoja ambao mwenzake hakulala matanga. Alisimama mlangoni akamsalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, mwenzangu."

Mama akajifunika kanga usoni. "Mwambieni nimelala," akanong'ona.

Yule mama alikaa uani akimsubiri aamke. Alisubiri mpaka jua likaanza kuzama, ndipo akachukua kikapu chake akaondoka. Mama alifariki kabla rafiki yake hajapata nafasi ya kurudi.

Baada ya mazishi yule rafiki alinivuta pembeni. "Baba, niambie ukweli. Nilimkosea nini?"

Nikamweleza yote: maabara, salfa, sweta, na jinsi mama alivyokataa kuniamini. Kiswahili kiliponiishia nikajaribu Kisukuma, nacho hakikunifikisha mbali. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake imelegea mapajani.

"Hata angekuwa ameoza kweli," alisema, "wa kumwogesha si ningekuwa mimi?"