Vibati Nilivyovibandua Bustanini

Kama unasoma hii ili ucheke, cheka sasa hivi umalize. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapahapa Kilosa mjini, nikiwa na akili zangu timamu na sindano kifuani. Sikuwa na homa wala sikuwa nimesinzia. Na mimi si mtu wa habari za mashetani. Ukija nazo kibarazani kwangu nitakwambia usogee, unanizibia mwanga wa cherehani.

Ndiyo, mimi ni fundi cherehani. Kibaraza changu kinatazamana na bustani ya zamani, ile ya karibu na stesheni, yenye miti mikubwa ya mikangazi kumi na miwili. Ilipandwa enzi za mkoloni. Kama ni Mjerumani au Mwingereza, hata wazee wanabishana. Watoto wangu wote watatu nimewanyonyesha pale. Watu wanaotoka vijiji vya Ulaya (ndiyo, na sisi tuna Ulaya yetu) na Kisanga kwa baiskeli kuleta wagonjwa hospitali hupumzika pale, na maharusi hupigia picha palepale.

Kila mti ulikuwa na kibati kidogo kimepigiliwa msumari, gome limeshakula kingo zake, na kibati kina namba. Usidhani ni moja, mbili, tatu. Namba ipi ilikuwa mti upi sikumbuki, na kwa nini sikumbuki utajua mbele. Lakini zilikuwa namba za ovyo ovyo, arobaini na moja, themanini na nane, mia mbili na saba. Tangu utoto tulikuwa tunacheka kwamba mzungu aliyehesabu miti hii alikuwa amelewa.

Basi likaja neno. Mwenyekiti wetu wa mtaa, jina lake silitaji, akasema kuna watu wanataka bustani ikatwe viwanja vya fremu za maduka. Fremu! Mji huu huu ambao nusu ya fremu zilizopo zimefungwa na ndani wanakaa popo! Hebu fikiri. Pale mbugani Mikumi ukimgusa swala unalala ndani, na sawa, swala alindwe. Lakini ukikata kivuli cha watu unakaribishwa meza kuu unapewa soda. Nilikasirika mpaka nikashona mkono wa shati kwenye shingo.

Tukaitisha mkutano. Watu walijaa, wakasaini karatasi, wakapiga makofi, wakasema "tuko pamoja" mpaka paa likatikisika. Mwenyekiti akaona mambo yamekuwa makubwa, akasema haya, wakubwa watakuja kukagua baada ya wiki mbili. Wakikuta pori, bustani imekwenda. Wakikuta bustani, itabaki. Tukakubaliana tufanye msaragambo, kazi ya wote bila malipo: tufyeke, tupake chokaa, tuchimbe mtaro wa bomba ili tuweke koki ya maji.

Jumamosi ya kwanza unajua tulikuja wangapi? Wawili. Mimi na Maige.

Maige ni Msukuma wa kijiji cha Chanzuru, analima na kufuga. Alipohamia na ng'ombe wake sisi wenyeji tulimwita mvamizi, na mimi nilikuwamo. Siku hiyo alikuja na mkokoteni wa ng'ombe, mapipa mawili ya maji na panga lake. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Fundi," akaniuliza, "wenyeji wenzako wako wapi? Au wamekufa wote, niende nikawazike?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na aibu yangu mimi haikawii kugeuka hasira. Nilipita nyumba hadi nyumba. Huyu ana mgeni, yule mgongo unamuuma, mwingine ananiambia "tuko pamoja" huku amelala mkekani! Maneno matupu hayavunji mfupa, nikawaambia, na wengine niliwaambia zaidi ya hayo.

Hiyo hasira ndiyo iliyoniponza. Maana wiki nzima nilifanya kazi karibu peke yangu, na mtu afanyaye kazi peke yake kwa hasira haulizi mtu. Nilipofika kwenye kupaka chokaa mashina, nikaviona vile vibati vimeshika kutu, vinatiririsha wekundu kwenye weupe wangu. Nikachukua bisibisi, nikavibandua vyote kumi na viwili, nikavitupa kwenye ndoo chini ya cherehani. Kisha nikapaka miti yote, ikawa myeupe pee, usawa wa kiuno. Nikarudi nyuma hatua chache, nikajipongeza.

Ijumaa, saa sita na nusu, wanaume wamekwenda msikitini, barabara haina hata mbwa. Nilikuwa namalizia sare za shule. Nikainua macho, nikaona kijana amesimama kwenye mti wa tatu. Ameweka kiganja palepale kibati kilipokuwa, anapapasa chokaa niliyokuwa nimeirudia asubuhi.

Nikajua tu: huyu katumwa na watu wa fremu, kaja kupima. Nikavuka barabara, tepu shingoni.

"Wewe! Toa mkono, chokaa haijakauka!"

Hakuutoa. Hakuniamkia pia. Kijana wa miaka ishirini au chini yake, ndevu hazijaota sawasawa, na mimi nina wajukuu. Kwetu hili si jambo dogo. Mtoto anayekupita bila shikamoo unamuuliza ni wa nani, na jioni unakwenda kwa mama yake.

"Kwenu hawakukufundisha shikamoo?"

Akageuka polepole. Hakuwa na ujeuri usoni, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Akasema kwa upole kabisa, "Wewe ndiye wa kuniamkia."

Lo! Damu ilinipanda kichwani. Nilimpa, niamini, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikamwambia asiyefunzwa na mamaye ajiandae, maana leo ulimwengu ni mimi. Yeye ananitazama tu.

Lakini macho ya fundi hayajui kugombana. Mdomo unatukana, macho yanasoma nguo. Shati lake lilikuwa la marekani, kile kitambaa kizito cha rangi ya maziwa yaliyoganda, ambacho mara ya mwisho nilikiona kwenye sanduku la bibi yangu. Lilishonwa lote kwa mkono. Hapakuwa na pindo hata moja lililopita kwenye cherehani. Nani leo anashona shati zima kwa mkono? Na bega la kushoto lilikuwa limefumuka.

Usinicheke. Hasira zangu zinakaa mdomoni, mikono haina habari nazo. Sindano ilikuwa kifuani pangu, imetungwa uzi wa bluu wa sare za shule. Nikamshika bega, nikaanza kumshonea, huku namsema. Kitambaa kilikuwa cha baridi na unyevu, kama nguo iliyoanuliwa kabla ya kukauka. Wengine huniuliza kama alikuwa na kivuli. Saa sita hiyo, hata wewe unacho?

"Nani kakutuma?" nikamuuliza.

"Sikutumwa. Mimi nipo hapa."

"Unatafuta nini?"

"Namba yangu. Umeipeleka wapi?"

"Namba gani?"

"Mia mbili na saba," akasema. "Tulipoandikishwa kazi ya reli hawakutuuliza majina. Walitupa namba. Homa ilipotumaliza, wenzetu walituchimbia hapa, kila mtu wakampandia mti wake, wakampigilia namba yake. Walisema ndugu zetu wakija kututafuta watatuona."

Mkono wangu ulikuwa umeshamaliza. Nilikata uzi kwa meno, kwa mazoea tu, na ladha ya udongo ikabaki ulimini.

"Sasa umetupaka chokaa," akasema, "tumefanana."

Akazunguka mti. Nikamfuata upande wa pili, nikakuta mti tu. Nikazunguka tena, kama mwendawazimu, mara tatu. Kwenye chokaa mbichi, alipokuwa ameweka kiganja muda wote ule, hapakuwa na alama ya hata kidole kimoja. Nikakaa chini kwenye nyasi mpaka watu waliporudi kutoka msikitini.

Sikumwambia mtu. Ungewaambia wewe? Watu nilioshinda wiki nzima nikiwaita wavivu, niwape na hili?

Kesho yake tulikuja kuchimba mtaro wa bomba, mimi na Maige na wanawake wawili niliowaburuta. Mtaro ulipita karibu na mti wa tatu. Nilitaka kusema tuupishe, nikainamia koleo langu badala yake. Maige alichimba hadi kina cha goti, kisha jembe likalia vibaya.

"Fundi," akaita. "Njoo." Safari hii hakuwa na utani.

Ulikuwa mfupa wa bega. Pembeni yake kulikuwa na kipande cha kitambaa kilichooza, rangi ya udongo, ukikigusa kinavunjika. Na katikati ya ule uozo kulikuwa na mshono wa uzi wa bluu, mpya, unang'aa. Mshono wangu naujua. Naanza na mafundo mawili, namaliza kwa kurudi nyuma mara tatu. Hata ukinizika nao nitautambua.

Nikamweleza Maige yote palepale, nalia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Ulimwamkia?"

"Hapana."

Akavua kofia, akachuchumaa pembeni ya shimo, mtu mwenye wajukuu kama mimi, akasema, "Shikamoo, babu." Kisha akaanza kurudisha udongo kwa mikono.

Mwenyekiti alifika mbio, maana habari za mfupa hazihitaji kipaza sauti. Akatazama, akajikuna, akasema, "Hii sasa ni nafasi. Mifupa tuihamishe, eneo zima lisafishwe, hizo fremu zijengwe tumalize."

Nilimwambia, mbele ya watu, kwamba kama kuna kitu cha kuhamishwa bustanini ni yeye. Nikamwambia hawa walikuja kujenga reli hii anayojivunia, wakafa bila jina, na kivuli tulichokalia maisha yetu yote ni wao. Anataka kuwajengea duka la vocha juu ya vifua?

Na kufikia alasiri, ungeona watu! Mji mzima, na majembe, na mafagio, na yule wa mgongo kuuma amebeba mawe mawili. Shehe alikuja, padri akaja, na kwa kuwa hakuna aliyejua dini ya mtu, waliomba wote wawili. Unadhani nilifurahi? Nilizidi kukasirika. Nikawaambia: mlisaini kwa ajili ya watoto wenu mkaenda kulala, leo mmeamshwa na mfupa. Kumbe aliye hai hamumwonei haya, mnamwogopa maiti! Waliinamisha vichwa wakaendelea kufagia.

Wakubwa walipokuja kukagua walikuta bustani, na watu wameizunguka. Habari za fremu zikafa siku hiyo. Mtaro tuliupeleka upande wa barabara, koki ipo mpaka leo, na benchi nne za saruji. Bustani imepona. Ukija utaiona.

Lakini mimi sikupona, na hapa ndipo nataka unisikilize.

Nilirudisha vibati. Mia mbili na saba nilikipigilia mti wa tatu kwa mkono wangu. Nikachukua cha pili kwenye ndoo, arobaini na moja, nikasimama. Mti upi? Sikujua. Nilivibandua kwa hasira, nikavitupa pamoja, na sikutazama hata kimoja. Nikauliza wazee, nikauliza watoto. Mji mzima ulizicheka namba zile maisha yote, na hakuna hata mmoja aliyejua ipi ilikuwa wapi. Tukasaka picha za arusi. Katika kila picha bibi arusi amesimama mbele ya kibati.

Wapo waliosema, pigilia tu popote, nani atajua? Niliwafukuza kibarazani. Vibati kumi na kimoja nimevitundika pamoja kwenye ukuta wa kibanda cha koki. Namba zinaonekana vizuri, wenyewe hawajulikani. Siku ndugu yao akija kutoka huko walikotolewa, nitamwonyesha ukuta, na nitamwambia ni mimi.

Kwa hiyo wewe, kama kwenu kuna bustani ya zamani na unataka kuiboresha, iboreshe, usingoje kuamshwa na mfupa. Lakini kabla hujashika bisibisi, uliza. Na ukimkuta kijana kasimama asiyetaka kukuamkia, meza hasira zako umwamkie wewe.

Mimi kila siku saa sita na nusu nazima cherehani, navuka barabara, napita mti kwa mti. Shikamoo. Shikamoo. Shikamoo. Nawaamkia wote kumi na wawili. Mti wa tatu huitika "marahaba", kwa sauti ya yule kijana, naisikia kama ninavyoisikia cherehani yangu. Wale kumi na mmoja hawajaniitika mpaka leo.